Stempu ya Viza Imeisha Ukiwa Marekani: Soma Hapa Kabla ya Kuvuka Kwenda Kanada au Meksiko

Fungua pasipoti yako kwenye ukurasa wa viza ya Marekani, utazame tarehe ya mwisho. Kama imepita na wewe uko chuoni Texas au kazini Minnesota, usishtuke. Hujavunja sheria kwa sababu hiyo peke yake. Ile karatasi iliyobandikwa, ambayo wengi wetu tunaiita stempu, ni ruhusa ya kufika mpakani na kuomba kuingia. Ukishaingia, kinachokulinda ni hadhi yako, yaani ruhusa ya kukaa kwa shughuli uliyoijia: rekodi ya I-94 (inayoonyesha uliingia lini na unaruhusiwa kukaa hadi lini), pamoja na I-20, hati ya chuo, kwa mwanafunzi wa F-1; DS-2019 kwa aliyekuja kwa J-1, yaani mpango wa kubadilishana; au I-797, barua ya idhini ya idara ya uhamiaji, kwa mfanyakazi wa H-1B. Nimeona watu wakikosa usingizi kwa ajili ya stempu huku I-94 yao ikiwa salama. Nimeona pia wengine wenye stempu ambayo bado ina miaka, kumbe hadhi walishaipoteza walipoacha masomo bila kumwambia mtu ofisini. Hao wa pili ndio wenye shida.

Shida ya stempu huanza siku unapotaka kutoka. Msiba nyumbani, harusi ya dada, mkutano wa kikazi Toronto. Ukitoka, utahitaji kurudi, na stempu mpya haitolewi ndani ya Marekani. Zamani ilitolewa: hadi Julai 2004 wenye viza za kazi kama H na L walituma pasipoti kwa posta kwa Wizara ya Mambo ya Nje wakarudishiwa na stempu mpya. Mwanzoni mwa 2024 wizara ilifanya majaribio ya kuurudisha utaratibu huo, nafasi 20,000, kwa wenye H-1B ambao viza zao zilitolewa Kanada au India tu. Wengi wetu hatukuguswa.

Ndiyo maana kwa miaka mingi njia ya mkato ilikuwa kuvuka kwenda nchi jirani: Toronto, Vancouver, Tijuana, Ciudad Juárez. Unakwenda, unafanya mahojiano, unachukua pasipoti, unarudi kazini wiki inayofuata. Njia hiyo sasa imekuwa nyembamba sana, na marafiki wanaoendelea kushauriana "nenda tu Meksiko" wanazungumzia mambo ya jana.

Kwanza, jua kama mlango huo ni wako

Tarehe 6 Septemba 2025 Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani iliwaelekeza waombaji wa viza zisizo za uhamiaji waombe katika nchi ya uraia wao au nchi wanayoishi. Anayetumia kigezo cha makazi lazima aweze kuonyesha kuwa kweli anaishi hapo. Anayeomba kwingine anaonywa kuwa huenda akapata ugumu zaidi kukubaliwa, na ada aliyolipa hairudishwi wala haihamishiwi nchi nyingine.

Kwa lugha ya kawaida: Mkenya anayeishi Dallas hana makazi Kanada. Kwake, mahali pa kuomba ni Nairobi, ubalozi wa Gigiri. Lakini Mkenya anayeishi Toronto kwa kibali cha kazi, kibali cha masomo au ukaazi wa kudumu anaweza kuomba hukohuko Kanada, na Mkongo mwenye kibali cha kuishi Kenya anaweza kuomba Nairobi bila kulazimika kufika Kinshasa. Abebe ushahidi: kibali chenyewe, mkataba wa nyumba, barua ya mwajiri au chuo, bili zenye jina lake.

Kuna watu watatu ambao ningewasihi wasitoke kabisa kabla ya kukaa na mwanasheria wa uhamiaji.

Wa kwanza ni Mrundi au Mtanzania. Kwa amri ya rais wa Marekani, utoaji wa viza za B (matembezi au biashara), F na M (masomo) na J ulisitishwa kwa raia wa Burundi kuanzia tarehe 9 Juni 2025, na kwa raia wa Tanzania kuanzia tarehe 1 Januari 2026. Mwanafunzi Mtanzania aliyeko Marekani na stempu iliyoisha akitoka kufuata nyingine, anaweza kukuta hakuna ubalozi wa kumpa, iwe Dar es Salaam au kwingine. Amri za namna hii hubadilika, kwa hiyo soma tangazo lenyewe kwenye tovuti ya wizara wiki unayopanga safari. Usitegemee ujumbe uliosambazwa kwenye kundi la WhatsApp.

Wa pili ni yule aliyepitisha tarehe iliyoandikwa kwenye I-94 yake. Kifungu cha 222(g) cha sheria ya uhamiaji ya Marekani kinaifuta viza yake na kumtaka aombe nchini kwake. Wa tatu ni mwenye ombi la kubadilisha hadhi ambalo halijajibiwa, mathalani kutoka B-2 kwenda F-1. Akitoka nchini, ombi hilo huhesabiwa kuwa ameliacha.

Labda huhitaji stempu mpya kabisa

Hapa ndipo naomba usome polepole, kwa sababu sehemu hii imewaokoa wengi na kuwaumiza waliosikia nusu yake.

Kuna kanuni, kifungu 41.112(d) katika juzuu ya 22 ya Kanuni za Serikali Kuu, inayomruhusu mtu kwenda Kanada au Meksiko kwa siku 30 au pungufu na kurudi Marekani kwa stempu iliyoisha. Mwenye F au J anaruhusiwa pia visiwa vya jirani vya Karibi, isipokuwa Kuba. Sheria inaichukulia stempu ya zamani kana kwamba imeongezewa muda hadi siku unayorudi.

Masharti yake hayana huruma. I-94 yako iwe hai. Uwe umetunza hadhi yako na una nia ya kuendelea nayo. Pasipoti iwe hai, na kama stempu ya zamani imo kwenye pasipoti iliyokwisha, beba zote mbili. Mwanafunzi awe na I-20 yenye sahihi ya kusafiri. Uwe umekwenda huko kunakoruhusiwa tu, bila kupitia nchi nyingine. Usiwe raia wa nchi ambayo Marekani imeiorodhesha kuwa mfadhili wa ugaidi. Na sharti kubwa kuliko yote: ukiwa huko, usiwe umeomba viza mpya ya Marekani.

Rudia sharti hilo la mwisho hadi likukae. Mara unapoomba viza ubalozini Toronto au Monterrey, umeivua kinga ya siku 30. Ukikataliwa, au ukiambiwa usubiri, huwezi kusema "basi, nitarudi kwa stempu ya zamani". Utabaki upande wa pili wa mpaka hadi upewe viza, au urudi Afrika ukaombe kule.

Kijana mmoja ninayemfahamu alikwenda Kanada kwa mapumziko ya wiki moja ya Machi, miaka kadhaa kabla ya mabadiliko haya. Makaratasi yake yalikuwa sawa na angerudi kwa kanuni ya siku 30 bila tatizo. Lakini alikuwa ameweka miadi ubalozini, akaona maadamu yupo huko, amalize. Alipewa karatasi ya uchunguzi wa ziada. Alilala wiki tano sebuleni kwa binamu yake, chuo kikaendelea bila yeye, na muhula ule akaupoteza pamoja na ada. Viza alipewa mwishowe. Kwa hiyo, kama safari yako ni mkutano wa siku nne Montreal, nenda mkutanoni urudi. Usichanganye safari mbili kuwa moja.

Ukitumia kanuni hii, chapisha ukurasa wa kanuni yenyewe uutie kwenye bahasha ya makaratasi. Mfanyakazi wa shirika la ndege ataona tarehe iliyopita na anaweza kusita kukupandisha. Mwonyeshe kwa utulivu, na kama hakubali, mwombe amwite msimamizi wake. Mpakani mwambie afisa mapema kwamba unarudi kwa kanuni hiyo na kwamba I-94 yako bado hai. Usingoje aione tarehe mwenyewe.

Viza ya hiyo nchi jirani nayo inatakiwa

Wengi husahau. Mkenya, Mtanzania, Mganda au Mkongo anahitaji viza kuingia Kanada, hata kama anaishi Marekani. Maombi hufanywa mtandaoni, ada ni dola 100 za Kanada na dola 85 nyingine za alama za vidole, ambazo ukiwa Marekani huchukuliwa kwenye vituo vya uhamiaji vya Marekani. Kwa Meksiko, mwenye viza hai ya Marekani huingia bila viza ya Meksiko, ila ya kwako imeisha, kwa hiyo omba kwenye ubalozi mdogo wa Meksiko ulio karibu nawe.

Afisa wa Kanada atajiuliza swali moja: huyu mwenye stempu iliyoisha atatokaje Kanada? Mjibu kabla hajauliza. Ambatanisha I-20 au I-797, nakala ya I-94, barua ya chuo au mwajiri, na maelezo mafupi ya jinsi utakavyorudi.

Kama kweli unaomba stempu mpya

Hatua zifuatazo ni zilezile, uwe unaomba Vancouver kama mkaazi wa Kanada au Nairobi ukiwa likizoni. Hufuatana hivi.

Jaza DS-160, fomu ya kuombea viza, kwenye tovuti ya wizara. Chagua mji utakaofanyia mahojiano mwanzoni kabisa, uandike mahali namba ya ombi, kwa sababu ukiiacha fomu dakika 20 bila kuigusa inajifunga na utahitaji namba hiyo kuifungua tena. Hifadhi kila ukurasa. Majina yaandike kama yalivyo kwenye pasipoti, hata kama chuoni wanakuita kwa majina mawili na pasipoti ina matatu. Fomu itakuuliza akaunti zako za mitandao ya kijamii za miaka mitano iliyopita: zitaje zote, hata ile uliyoiacha. Tangu Juni 2025 waombaji wa F, M na J wanatakiwa kuziacha akaunti zao wazi zionekane na watu wote, na tangu tarehe 15 Desemba 2025 agizo hilo linawahusu pia wa H-1B na H-4. Swali la kama umewahi kukataliwa viza lijibu kwa ukweli. Wanayo rekodi, na uongo unaweza kukufungia mlango maisha yako yote, jambo ambalo kukataliwa kwa mwaka 2019 hakuwezi kulifanya.

Picha iwe ya inchi 2 kwa 2, mandhari meupe, bila miwani. Sheria ya miwani ni ya tangu Novemba 2016 na bado watu wanarudishwa kwa ajili yake.

Kisha fungua akaunti kwenye tovuti ya miadi ya nchi hiyo na ulipe. Kwa F, J na B ni dola 185, na kwa viza za kazi zinazotegemea ombi la mwajiri, kama H-1B na L, ni dola 205. Risiti hudumu siku 365. Mwanafunzi anayeendelea na namba ileile ya SEVIS (mfumo wa serikali wa rekodi za wanafunzi wa kigeni) hahitaji kulipa tena ile ada ya dola 350, lakini abebe risiti yake ya zamani. Namba ya msimbo iliyo kwenye ukurasa wa uthibitisho wa DS-160 iwe ndiyo hiyohiyo uliyoiweka kwenye miadi. Ukirekebisha fomu na kupata namba mpya, ibadilishe na kwenye miadi. Kosa hili dogo limewarudisha watu mlangoni.

Usitegemee kusamehewa mahojiano. Tangu tarehe 2 Septemba 2025 karibu kila mwombaji anatakiwa kufika mwenyewe, wakiwemo watoto wa chini ya miaka 14 na wazee wa zaidi ya miaka 79 ambao zamani waliachwa. Kama una mke au mume na watoto kwa F-2 au H-4, hesabu nauli na malazi ya wote.

Makaratasi yapange kwa mpangilio ambao mkono wako unaujua bila kutazama. Mwanafunzi: pasipoti zote mbili, I-20, matokeo ya masomo, ushahidi wa nani analipa ada. Sahihi ya kusafiri kwenye I-20 isiwe imezidi mwaka mmoja, na kama uko kwenye OPT, kazi ya mazoezi inayoruhusiwa kwa mwanafunzi, isizidi miezi sita, pamoja na kadi ya kazi na barua ya mwajiri. Mfanyakazi: I-797, nakala ya ombi lililopelekwa na mwajiri, barua mpya inayotaja cheo na mshahara, hati za mshahara za miezi mitatu ya karibuni na fomu W-2 ya mshahara na kodi ya mwaka. Nenda kwa mshauri wa wanafunzi wa kigeni chuoni wiki tatu kabla, si asubuhi ya safari. Mwulize pia kama rekodi yako kwenye SEVIS ni hai, kwa sababu hiyo ndiyo afisa ataifungua kwanza.

Siku yenyewe

Meksiko ina miadi miwili: mmoja kwenye kituo cha kuchukua alama za vidole na picha, mwingine ubalozini siku inayofuata au baadaye. Kanada mambo yote hufanywa mara moja. Simu na mabegi mara nyingi haviruhusiwi kuingia, kwa hiyo acha vitu hotelini na uchapishe anwani kwenye karatasi.

Mahojiano ni dakika mbili tatu, umesimama dirishani. Afisa ameshasoma fomu yako. Ataomba karatasi moja au mbili, na bahasha nzima uliyoibeba huenda asiiguse. Jibu alichouliza, ukome. Kwa mwenye F au J, kifungu cha 214(b) kinamtaka afisa akuhesabu kuwa unataka kuhamia hadi umwonyeshe vingine. Hivyo ukiulizwa utafanya nini baada ya shahada, usijibu "nitaangalia mambo yatakavyokwenda". Sema unachokipanga kweli: kurudi kufundisha Eldoret, shamba la familia unaloliendesha, kampuni iliyokuahidi nafasi. Mwenye H-1B au L hana mzigo huo, kwake maswali huwa kuhusu kazi na mwajiri.

Kama unaomba nje ya nchi yako, swali la "kwa nini hapa?" litakuja. Mwonyeshe kibali chako cha ukaazi kabla hujaanza kueleza.

Matokeo ni matatu. Afisa akibaki na pasipoti, kwa kawaida umekubaliwa. Akikurudishia na karatasi ya 214(b), umekataliwa, na kuomba tena kesho yake bila kitu kipya ni kupoteza ada. Akikupa karatasi ya 221(g), jambo lako halijaisha: wanataka hati zaidi au uchunguzi wa ziada. Ukilifuatilia ombi lako mtandaoni wakati huo, utaona limeandikwa kuwa limekataliwa, na watu hulia wakiona neno hilo. Ndivyo mfumo unavyoandika 221(g) hadi uchunguzi uishe. Peleka walichotaka kwa njia waliyotaja, weka nakala, na umjulishe mwajiri au chuo siku hiyohiyo. Ndiyo sababu tiketi ya kurudi iwe ya kubadilishika, na akiba ikutoshe mwezi mzima, si wiki moja. Mwenye mtu wa kumhifadhi mjini humo amwombe mapema, kwa adabu, na amweleze kuwa huenda siku zikaongezeka.

Pasipoti ikirudi mkononi

Isome kabla ya kuondoka kaunta. Herufi za jina, tarehe ya kuzaliwa, aina ya viza, namba ya SEVIS au jina la mwajiri kwenye maelezo ya chini. Herufi M mahali pa idadi ya safari maana yake ni mara nyingi, na tarakimu ni idadi yenyewe. Kosa la uchapaji hurekebishwa kirahisi ukiwa bado mjini pale.

Ukivuka kwa gari au kwa miguu, I-94 mpya hulipiwa, na ada yake ilipandishwa hadi dola 30 mwisho wa Septemba 2025. Zamani ilikuwa dola 6. Ukiisha kuingia, usiku huohuo fungua tovuti ya I-94 upakue rekodi yako. Mwanafunzi atafute herufi D/S, maana yake muda wote anaotunza hadhi yake, mfanyakazi atafute tarehe ya mwisho wa I-797. Kama pasipoti yako inaisha mapema kuliko I-797, afisa anaweza kukupa I-94 ya hadi siku pasipoti inapoisha, na tarehe hiyo fupi ndiyo itakayokufunga, hata kama stempu uliyoisafiria inasema miaka mitatu. Ukiikuta, anza kuulizia pasipoti mpya ubalozini kwenu juma hilohilo, kisha umpe mwanasheria wa mwajiri nakala ya I-94.